Poda Isiyokuwa Yangu

Mwezi wa saba uliopita, jirani yangu wa hapa Rugenge, mjini Uvira, aligonga mlango akiwa na kopo la poda mkononi na binti yake nyuma yake, mweupe kuanzia kichwani hadi mabegani. Mtoto alikuwa amefaulu shule, na mama yake alitaka mimi pia nimmwagie. Nawe unaijua desturi yetu. Siku ya proklamasio, matokeo yanaposomwa mbele ya wazazi, mtoto aliyeitwa kati ya waliofaulu humwagiwa poda, na asiye na poda huchota unga wa muhogo jikoni. Halafu mtoto hutembea barabarani hivyo hivyo ili kila anayemwona ampongeze. Nikamwambia jirani kwamba poda inanipa mafua. Nikampa mtoto soda, nikafunga mlango, nikakaa kitandani. Mimi ni muuguzi, nashika dawa za unga kutwa nzima na sijawahi kupiga chafya.

Basi kaa hapa nikueleze, maana nimechoka kulibeba jambo hili peke yangu.

Shule yetu ya msingi ilikuwa huko chini, karibu sana na ziwa, kiasi kwamba upepo wa mchana ulituletea darasani harufu ya ndagala, wale samaki wadogo, waliotandazwa mchangani wakauke. Asubuhi kila mmoja alikuja na maji katika bidoni ndogo. Tulinyunyizia sakafu ya udongo ili vumbi litulie, ndipo tukafagia, kisha tukasubiri direkta wa shule apige ile ringi ya gurudumu la lori iliyokuwa kengele yetu. Mpaka leo nikisikia harufu ya udongo uliomwagiwa maji, nakuwa na miaka kumi na mmoja tena, miguu mitupu, daftari limefungwa na kamba ya katani.

Mwalimu wa mwaka wa tano alikuwa mtu wa uwanda wa Ruzizi, kwao Mutarule. Alikuwa mrefu, mwembamba, na shati la buluu alilolifua kila jioni, maana kila siku lilikuwa lile lile, tulilijua na mashimo yake. Jumamosi alipanda baiskeli akaenda kulima kwao, na Jumatatu alirudi na mahindi ya kuchoma katika mfuko wa nailoni. Hakuuliza nani hajala. Alitutazama midomo tu, na mwenye midomo mikavu akajikuta ana kipande cha hindi kwenye dawati. Somo la jiografia alilifundishia nje. Alichora ziwa lote kwenye mchanga kwa kijiti, kisha akatugawia mawe ya kuweka mahali pa miji, hili Uvira, hili Baraka, hili Kalemie. Wazazi wangu walikuwa Kalemie, baba akifanya kazi kwenye meli, mimi nikilelewa na bibi yangu huku mtaa wa Kilibula. Jiwe la Kalemie alinipa mimi kila mara, bila kusema kwa nini. Na tulipokwama katika hesabu alikuwa na neno lake moja: semeni lile mnalolijua, lile msilolijua tutalitafuta pamoja. Nilimpenda mtu yule kuliko mjomba wangu yeyote.

Ila mwaka ule sikusoma. Sina kisingizio. Nilikuwa nimegundua utamu wa kuogelea mchana kutwa, na mwalimu alinionya mara mbili, mara ya tatu akanikalisha mbele, bado akili yangu ilikuwa majini.

Siku ya proklamasio direkta alisimama uani na karatasi yake, akasoma majina ya darasa letu kuanzia wa kwanza. Niliyahesabu kwa vidole ndani ya mfuko wa sketi. Majina yakaisha, langu halikusomwa. Wazazi walikuwa wamekwisha kuanza vigelegele na sisi tulioachwa tuliitwa pembeni kupokea buletini zetu, zile karatasi za alama, zenye mistari ya wino mwekundu. Bibi yangu hakuwapo. Mitumbwi ilikuwa imerudi na samaki wengi, naye alikuwa ufukweni akiwafukuza kunguru kwenye ndagala wake.

Hapo ndipo rafiki yangu tuliyekaa naye dawati moja alinirukia. Yeye alikuwa amefaulu, mama yake amemmwagia unga wa muhogo mpaka kope, na kwa furaha yake hakufikiri kwamba kuna mtu duniani asiyefaulu. Akachota unga mkono mzima akanipaka kichwani. Ndugu yangu, ningeweza kuupangusa. Ilikuwa kazi ya sekunde mbili. Lakini mama mmoja muuza mikate ya kukaanga akaniona, akapiga kigelegele, akaniwekea mkate wa moto mkononi. Na mbele kidogo fundi wa baiskeli akanivulia kofia. Kila hatua niliyopiga ule unga ulikuwa unazidi kuwa wangu, na nilipofika Kilibula habari ilikuwa imenitangulia. Bibi alikuwa mlangoni, mikono bado na magamba ya samaki, anacheza.

Sijawahi kumwona mtu akifurahi vile kwa ajili yangu, kabla wala baada. Bibi hakusoma hata siku moja. Aliipokea buletini kwa mikono miwili, akaniuliza ile mistari myekundu ni ya nini, nikamjibu kwamba ni ya kupamba. Akaiweka ndani ya Biblia yake. Akachinja kuku wake wa pekee, yule aliyekuwa akiatamia, akasonga bukari kubwa, majirani wakajaa uani, na kabla jua halijashuka akatuma mtu aende kumwita mwalimu, aje ale kwanza kuliko wote.

Alikuja na baiskeli yake. Aliniona kichwa cheupe katikati ya wale wamama wanaocheza, akasimama, akanitazama kwa muda, kisha akamtazama bibi. Nilisubiri dunia ianguke. Haikuanguka. Mwalimu alinawa, akaketi, akala paja aliloandaliwa huku akitafuna polepole kama mtu mwenye jino bovu. Walipomtaka aseme neno, alisema kwamba mimi ni mtoto mwenye akili na kwamba anashukuru kwa chakula. Hakusema kwamba nimefaulu. Bibi alipiga makofi hata hivyo.

Aliniomba nimsukumie baiskeli mpaka barabarani. Huko aliinama akaongea taratibu.

"Minye sitamuambia. Weye njo utamuambia, na usikawie. Kama unaogopa, kuya uniite, tutamuambia wote wawili."

Likizo nzima niliogopa, na sikumwita. Alipita kutusalimu mara tatu, na mara zote tatu nilipoona baiskeli nilikimbilia ziwani na bidoni hata kama mtungi umejaa. Nilijiambia kesho. Watoto ni mabingwa wa kesho, na wakubwa pia, kama utakavyoona.

Mwezi wa tisa shule ilifunguliwa, nikarudi mwaka wa tano. Siku ya pili yule rafiki yangu wa dawati akapita nyumbani, akamweleza bibi mambo ya mwaka wa sita. Bibi akanigeukia akauliza mbona mimi sisemi juu ya darasa jipya. Nilikuwa napeta mchele. Nikamjibu bila kuinua kichwa kwamba mwalimu amenirudisha nyuma, amempa mtoto wa ndugu yake nafasi yangu, mtoto aliyeletwa kutoka uwandani. Lilitoka laini, kama jambo nililolisikia kwa mtu. Hakukuwa na mtoto kama huyo. Nilimuumba pale pale kwenye ungo.

Kesho yake, wakati wa mapumziko, bibi aliingia uani mwa shule na majirani wawili. Hakupiga kelele mwanzoni. Alimfuata mwalimu hadi mlango wa darasa, na watoto wote wakasogea.

"Ulikula kuku yangu, ukaniangalia mu macho, na ulikuwa unajua utamupatia mutoto ya ndugu yako nafasi ya mujukuu wangu."

Baada ya hapo ndipo alipopaza sauti, na maneno aliyoyasema sitayarudia. Direkta alitoka ofisini mbio, akasema hilo si neno la kugombania, daftari la matokeo lipo, ataleta sasa hivi kila mtu aone. Nami nilikuwa nimesimama hatua tano kutoka hapo. Mwalimu hakumtazama direkta wala bibi. Alinitazama mimi, na alisubiri. Najua kwamba alisubiri, maana nilikuwa na muda wa kutazama vidole vyangu vyote kumi vya miguu, kimoja kimoja. Kisha akamshika direkta mkono.

"Acha, Direkta. Mama iko na haki ya kukasirika."

Daftari halikuletwa. Bibi alitema mate chini akaenda zake. Toka siku ile, mtaani kwetu mwalimu aliitwa mla kuku. Wamama walioanika ndagala njiani waligeuza uso baiskeli yake ilipopita, na mwaka uliofuata hakuna nyumba ya Kilibula iliyomwita kula siku ya proklamasio. Mtu aliyetugawia mahindi yake, jamani.

Na mwaka ule wa pili katika darasa lake alinifanyia nini? Hakunifanyia lolote, ndilo lililoniuma. Hindi lilikuja kwenye dawati langu kama kawaida. Jiwe la Kalemie alinipa mimi. Sehemu, zile hesabu zilizonishinda, alinifundisha kwa kukata bonge la bukari baridi kwa uzi, robo, nusu, robo tatu, hadi nikaelewa. Nikawa wa pili darasani. Nilimwagiwa poda, safari hii ya haki, na bibi alichinja kuku mwingine, akakataa kabisa mwalimu aitwe. Ningeweza kusema ukweli siku ile, kila mtu akiwa na furaha, na jambo lingepita. Nikala kuku.

Nikamaliza shule, nikasomea uuguzi, nikaajiriwa. Bibi akazeeka akiwa nyumbani kwangu, na hata kumsikia mwalimu akitajwa hakutaka. Jioni ngapi nilimkanda miguu tukiwa wawili tu, kisha nikamfunika shuka nikaenda kulala. Akafariki bila kuambiwa.

Kwenye kilio chake tulipiga hema uani, viti vya plastiki tukaazima kanisani. Mimi nilikuwa nagawa viti. Shangazi yangu, binti mkubwa wa bibi, aliketi mlangoni kupokea watu. Nikaona mzee anakuja kwa miguu, kofia mkononi, shati limepigwa pasi. Nilimjua kabla hajafika. Shangazi naye alimjua, maana katika ukoo wetu hadithi ya kuku ilikuwa imesimuliwa miaka yote.

"Hapa hakuna kiti yako, mwalimu."

Alisema hivyo bila hasira, kama anayemwambia mtu kwamba chumvi imekwisha. Mzee aliweka mkono kifuani, akainamisha kichwa kwa ajili ya marehemu, akarudi nyuma hatua mbili. Akasimama juani nje ya hema mpaka maombi yakaisha. Nilikuwa nimeshika kiti mkononi. Nilikipeleka kwa wageni wa upande wa baba mdogo, na nilipogeuka tena mzee alikuwa amekwenda.

Miaka miwili iliyopita mgonjwa mmoja kutoka Mutarule aliniambia kwamba yule mwalimu mzee amezikwa. Shule nayo haipo. Ziwa lilipanda likaingia madarasani, na ukisimama pale leo unaona sehemu ya juu ya kuta tu, na wavulana wanavua wakiwa wameketi pale palipokuwa dirisha la mwaka wa tano. Uani palipochorwa ziwa, sasa ni ziwa lenyewe.

Wiki ile ya jirani na kopo lake la poda nilikwenda kwa shangazi. Nilimkuta anachambua maharage, nikamweleza yote, kuanzia unga wa rafiki yangu hadi kiti. Alichambua mpaka nikamaliza. Nilidhani atalia, au atanifukuza.

"Siku ile ya shule ulikuwa mutoto, ile naweza kuiacha," alisema. "Lakini siku ya kilio ya mama ulikuwa muntu mukubwa, na kiti ilikuwa mu mukono yako. Ukaacha minye nimufukuze."

Kisha akaweka ungo chini, akaniuliza kama mwalimu aliacha mke au watoto, ili twende Mutarule sisi wawili tukawaombe msamaha. Nikafungua kinywa kumjibu, nikaona sijui. Miaka miwili alinifundisha, alijua jina la bibi yangu, alijua wazazi wangu wako wapi, alijua siku gani sijala. Mimi sikuwahi kumuuliza nyumbani kwake kuna nani. Katika jamaa yake yote namfahamu mtoto mmoja tu, yule niliyemuumba mwenyewe nikipeta mchele, na huyo hawezi kunipokelea msamaha.