Mwiko wa Mama Albertine Una Mikono Mingi

Ulipita mtaa wa Makomeno Jumanne, ukamwona, ukajifanya unatazama magari. Usikatae. Albertine Bwalya alikuwa ameketi kibandani pake, sufuria ya bukari ameibana kwa miguu, mwiko umesimama tu katikati ya ugali. Ukajisemea kansa imemrudia. Ukaenda kula kwingine.

Leo tena, saa tano asubuhi, anasonga. Mara nne, anapumzika. Mara tatu, anapumzika. Mkono wa kushoto haujapata nguvu tangu alipokatwa titi, miaka miwili sasa.

"Mama, ile bukari tutakula leo ao kesho?" anauliza Djafari, fundi magari wa jirani.

"Weye! Kama uko na haraka, enda ukaoe!"

Benchi zima linacheka. Djafari ananawa grisi, anaupokea mwiko. Mwanaume kusonga bukari mbele za watu ni kichekesho mjini humu. Hapa ndiyo desturi mpya: aliyezidiwa na njaa ndiye anayesonga.

Zamani Albertine, mwenye miaka 52, aliuza sahani sitini kwa siku. Sasa ni thelathini. Na si kansa iliyomlaza mwaka huu. Ni malaria mara tatu, mafua mara mbili. Mafua yanayokuachia wewe kamasi za siku tatu, yeye yanamwachia uchovu wa wiki tatu.

Mwezi wa pili alilala siku tisa bila kupima.

"Nilijua ni ile ya zamani inarudia. Niliogopa kusikia vile dokta atasema. Na bantu balikuwa banakuya kunisalimia banalia, sawa vile niko matanga tayari!"

Watu ishirini walikuja kumlilia. Albertine anawakumbuka mmoja mmoja, kwa majina. Hakuna aliyefikiria tone la damu kwenye kipimo, isipokuwa Fatouma, mshonaji wa kibanda cha pili.

"Nilimuambia: yaya, dada yangu, kama ni kifo, kitakukuta umeoga. Simama!" anasema Fatouma. Akampakia kwenye pikipiki, wakaenda kupima.

Ilikuwa malaria, na damu imepungua. Vidonge vya siku tatu! Siku tisa mtu anaaga dunia kwa sababu ya mbu, na sisi tumekaa pembeni na vitambaa vya machozi.

Tangu hapo, kila asubuhi kabla ya kufungua cherehani, Fatouma humgusa shingo. Ikiwa ya moto, wanakwenda kupima palepale.

"Nataka siku moja nisonge sufuria yote, miye peke, bila kupumzika," anasema Albertine. "Ile siku Djafari atakula bure."

"Basi ifike mbio, Mama. Mabega yangu iko nalia!"

Nawe uliyetazama magari: mtaani kwako yuko aliyemaliza dawa za kansa, na leo amesema amechoka. Usimlilie. Mguse shingo. Mpeleke akapime leo, si kesho. Kisha pita Makomeno saa tano, unawe mikono. Mwiko unakungoja.