Shemeji Kageuza Umeme, Redio Imeingia Nyuki

Jamani, nyie ambao hamkuja Chang'ombe leo mchana, mmekosa mengi!

Shemeji yangu, yule karani anayepiga pasi kaptula utadhani ni Mzungu wa wilaya, Bwana Shauri mwenyewe, kawaita wakwe zake waje wasikie taarabu. Redio ni ya betri, lakini yeye ataiwasha kwa umeme wa ukutani. Betri ni za washamba, eti!

"Umeme huu huenda na kurudi," akatuhutubia. "Dayodi yangu inaupitisha upande mmoja tu."

Kweli, dayodi kaiweka, na transfoma ya kuupunguza nguvu pia. Ila kapasita, ile ya kuutuliza umeme usije kwa mikupuo, imebaki mezani. Nikamwonyesha.

"Hiyo ya ziada, shemeji. Wazungu huwekaga akiba."

Haya. Akawasha.

VUUUUUU! Mwimbaji hasikiki, ni mvumo mtupu, kama mzinga uliochokozwa. Shemeji jasho linamtiririka, huku anatabasamu: "Inapata moto kwanza."

Tukasubiri mpaka chai ikapoa. Ndipo mama yetu, mkwewe, akamuuliza kwa adabu zote:

"Baba, asali tunarina lini?"

Kapasita ninayo mie, nimeifunga kwenye pindo la kanga. Mnasemaje, nimpe, au akaazime betri kwa washamba?