Kiganja cha Mzee Taratibu

Mafundi wenzake walimtania kwamba ana vidole vya karani. Alikuwa navyo vyote, na kwa seremala aliyezeekea kwenye msumeno wa mashine hilo si jambo dogo. Ukitaka kumuudhi, ingia karakanani kwake umevaa glovu. Angekuvua glovu hizo mwenyewe huku akikuuliza kama mkono umekuchosha, maana jino la msumeno likinasa uzi wa glovu huvuta kitambaa pamoja na kilichomo ndani. Mikono ya shati ikunjwe. Ubao mfupi usukumwe kwa kijiti, si kwa kidole. Wala usisimame mkabala na meno, kwa sababu mashine ikiukataa ubao inakurudishia tumboni. Haraka hakuijua kabisa, ndiyo maana wakambandika jina la Mzee Taratibu.

Binti yake alijifunza kazi hapo hapo, kwa kukemewa. Sasa walibaki wawili tu karakanani, na baba alikuwa na siri. Mikono yake ilikuwa inakufa ganzi, kwanza asubuhi tu, kisha kutwa nzima. Skrubu zikimponyoka alizilaani skrubu zenyewe, kwamba siku hizi zinatengenezwa na watu wasiojali. Alijua fika kwamba mkono wa namna hiyo haukaribii mashine. Angekuwa fundi mwingine, yeye mwenyewe angemfukuza kwa hilo bila kumpa nafasi ya kujieleza. Lakini kusema ukweli kulimaanisha kuacha kazi, na nje ya kazi hiyo hakujua yeye ni nani. Aliogopa, basi akapiga kimya.

Siku hiyo walikuwa wamemaliza kuupiga randa mlango wa mteja. Baba akapitisha kiganja juu yake, toka mwanzo hadi mwisho, kama alivyofanya kwa kila mlango aliowahi kutengeneza. Kiganja hicho alikiamini kuliko macho. Akasema uko safi, upigwe vanishi, kisha akageukia msumeno ili apasue mbao za fremu. Binti akaona mstari wa damu kwenye ubao mweupe, ukifuata njia ile ile ya kiganja. Akamtazama mkononi. Kibanzi kirefu kilikuwa kimezama chini ya kidole gumba, na mzee alikuwa anaongelea bawaba.

Binti akachomoa plagi.

"Baba, tangu lini?"

"Baridi tu hii."

Hakubishana naye. Alimwomba aweke mkono mezani na kufumba macho, akamshika kidole kimoja, akamuuliza ni kipi. Mzee alifikiri muda mrefu.

"Cha shahada," akasema.

"Nilishakuachia, baba."

Akafumbua macho, akauona mkono wake uko peke yake juu ya meza. Machozi yakamtoka, na hakujisumbua kuyasingizia vumbi. Binti akakitoa kibanzi, akamfunga kitambaa, naye akawa anautazama mkono ukihudumiwa kana kwamba ni wa jirani. Kisha mzee akasema mwenyewe kwamba fremu zinasubiri, na kwamba yeye hataigusa mashine tena.

Binti akarudisha plagi. Akakunja mikono ya shati, akachukua kijiti, akajiweka pembeni. Mzee akavuta kigoda hadi ukutani, akakaa kumwangalia, akingoja akosee mahali ili anyanyuke kumrekebisha. Ukapita ubao wa kwanza, ukapita wa pili. Hakukosea.