Nyimbo za Redio Tulizozipandisha Jukwaani

Siku niliyoripoti kazini Korogwe nilivaa viatu vya dada yangu, na vilinibana tangu stendi hadi ofisini. Nchi ilikuwa na miaka michache tu ya uhuru. Nilitoka Magoma, ambako baba yangu alikuwa mkata mkonge, nikiwa na cheti cha maendeleo ya jamii na barua iliyosema kwamba nitakuwa Bibi Maendeleo msaidizi, upande wa utamaduni. Sikujua upande huo ni upi. Nilidhani nitafundisha akina mama kushona na kupika uji wa watoto.

Mkuu wangu wa kwanza, Bwana Maendeleo Mkuu, alikuwa mwalimu wa zamani, mtu mfupi mwenye sauti ya chini. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho. Alikuwa anafuta vumbi kwenye gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, na pembeni yake pamepangwa sahani za santuri.

"Unajua kucheza dansi?" aliniuliza.

Nilisema najua kidogo. Niliogopa kwamba ni mtego.

"Vizuri. Mkulima hatoki shambani kuja kusikiliza hotuba yangu. Atatoka kwa ajili ya wimbo. Basi sisi tunaanza na wimbo anaoupenda, tunautafutia kisa, tunauigiza mbele yake. Akirudi nyumbani, wimbo ni uleule, lakini yeye anausikia vingine. Hiyo ndiyo kazi."

Ninyi vijana mmekua na televisheni, mnaona mwimbaji na machozi yake na nyumba aliyozaliwa. Wakati ule bara hatukuwa nayo. Tulikuwa na redio, mara nyingi moja tu kwa kijiji kizima, imewekwa dirishani dukani ili kila mtu asikie. Nyimbo za bendi za dansi za Dar es Salaam zilifika kwetu bila sura. Watu walizijua neno kwa neno, wakazicheza kwenye harusi, na hakuna aliyeuliza zinasema nini. Ofisini kazi ya kuutafutia wimbo kisa tuliiita kuuvisha wimbo. Unachagua kwanza kiitikio, yale maneno yanayorudiwa ambayo hata mtoto anayaimba. Kisha unajiuliza: ni nani, katika maisha ya hapa, angeweza kuyasema maneno haya akiwa amebanwa kweli?

Mchezo wangu wa kwanza ulikuwa wa kisomo cha watu wazima. Madarasa yalikuwa yamefunguliwa lakini wanawake hawaji. Redioni kulikuwa na wimbo wa kijana anayembembeleza mpenzi wake: "Niandikie hata mistari miwili, nijue u mzima." Ulikuwa wimbo wa kuchezea tu. Tukatunga kisa cha mwanamke ambaye mumewe yuko mbali kwenye mashamba ya mkonge. Barua inafika, hajui kusoma, anampelekea jirani amsomee. Jirani anasoma kwa sauti, mpaka mambo ya chumbani, na kesho yake kisimani kila mtu anayo. Barua ya pili ilipofika, mwanamke yule aliificha kifuani na kuuimba wimbo ule taratibu, peke yake, akiiimbia karatasi asiyoweza kuisoma.

Mwanzoni watu walicheka. Kiitikio kiliporudi mara ya pili, wanawake waliokuwa mbele walikuwa kimya. Juma lililofuata mwalimu wa kisomo aliniambia ameishiwa madawati. Bwana Maendeleo Mkuu alisikia habari hiyo, akasema tu, "Umeelewa," akaendelea na gramafoni yake.

Nilifanya kazi chini yake miaka kadhaa. Ndipo nilipompata Mwalimu Yohana, mwalimu wa shule ya msingi kutoka Lutindi, aliyejifunza kupiga tarumbeta misheni kule juu mlimani. Alikuwa mtu wa kanisa hasa, na mwanzoni alikataa kupiga nyimbo za dansi. Nilimwomba apige taratibu, kama anapiga kwenye maziko. Alijaribu, akashusha tarumbeta na kuitazama. "Kumbe na huu ulikuwa na huzuni ndani," alisema. Tangu siku hiyo hakukosa mchezo wangu hata mmoja.

Ilipofika miaka ya kuhamia vijiji vya ujamaa, nilihamishiwa Handeni. Kule si kama Korogwe yenye mto. Ni nchi kavu, na watu wake walikuwa wamezoea kukaa mbalimbali, kila ukoo na mashamba yake, na wafugaji na ng'ombe wao nyikani zaidi. Kazi ilikuwa kuwaleta pamoja, kwenye nyumba zilizopangwa kwa mistari, karibu na shule na zahanati. Mimi niliamini kazi ile, na leo sitajifanya kwamba sikuamini. Nilikuwa nimeona watoto wakifa kwa kuhara kwa sababu zahanati ni mwendo wa siku nzima. Lakini niliona pia nyumba zilizoachwa, chungu bado kiko mafigani.

Kijiji kimoja kipya kilikuwa kinasherehekea mwaka wake wa kwanza, na aliyesimamia shughuli, tuliyemwita Bwana Mratibu, aliniagiza mchezo. Alikuwa kijana kuliko mimi, msomi, suruali imenyooka. Aliniandikia kisa mwenyewe: bibi mkaidi anakataa kuhama, anahama kwa shingo upande, anaona bomba la maji, anacheza ngoma kwa furaha.

"Wageni wa mkoani watakuwepo," alisema. "Nataka watu wacheke, halafu wacheze. Umenielewa, Bibi Maendeleo?"

"Nimekuelewa, Bwana Mratibu."

Wa kuigiza bibi yule nilimpata palepale kijijini. Aliitwa Mama Sefu, Mzigua, mjane wa makamo, mkulima. Alikuwa amehama mwaka uleule kutoka nyuma ya vilima, alikomzika mumewe na watoto wawili. Tatizo lake lilikuwa maneno. Hotuba ya kuhama aliyoandikiwa na Bwana Mratibu ilikuwa ndefu, na kila alipofika katikati alisimama na kuomba radhi.

"Mwanangu," aliniambia siku moja ya mazoezi, "haya si maneno ambayo mtu anasema akitoka kwake."

"Mtu anasema nini, mama?"

"Hasemi."

Nikamwambia aache hotuba, aimbe. Achague wimbo wowote anaoujua, aimbe akiwa mlangoni, kisha atoke. Akachagua wimbo ambao redio iliupiga kila Jumamosi, wa mwanamume anayesafiri na kumwambia mpenzi wake, "Usiukaze mlango, mimi bado narudi." Nilikubali mara moja. Ulikuwa wimbo mzuri, unajulikana, na haukuwa na siasa hata chembe. Mwalimu Yohana, ambaye nilimwombea ruhusa aje kutoka Korogwe, aliupiga polepole kama kawaida yake. Kwenye mazoezi tuliona ni kipande kitamu cha mapumziko kabla ya ngoma ya furaha. Nasema kweli, sikuona zaidi ya hapo. Mimi niliyekuwa nikivisha nyimbo kwa miaka yote ile, sikuona.

Sherehe ilikuwa alasiri. Wageni walikaa kwenye viti chini ya turubai, wanakijiji wakakaa chini, na wafugaji wachache walisimama nyuma wameegemea fimbo zao. Nyumba ya jukwaani tuliijenga kwa fito, mlango wake ni khanga mbili zilizoshonwa pamoja. Mama Sefu alicheza ukaidi wake vizuri, watu wakacheka kama alivyotaka Bwana Mratibu. Kisha akatoka na kikapu kichwani, akasimama mlangoni. Kwenye mazoezi alikuwa akiwaelekea watazamaji. Siku ile aliwapa ubavu. Aliyatazama mawe ya vile vilima, upande wa kwao, akaanza.

"Usiukaze mlango, mimi bado narudi."

Sauti yake haikuwa nzuri, na haikupanda. Kulikuwa na watu walioanza kupiga makofi ya dansi kwa mazoea, makofi yakafa mikononi. Kiitikio kiliporudi, mzee mmoja aliyekaa mbele alivua kofia yake akajifunika nayo uso. Kisha wanawake wakaanza kuitikia, kwa chini, bila kuambiwa, kijiji kizima kikiwa kimegeuza shingo kule alikotazama yeye. Mwalimu Yohana alikuwa ameacha kupiga. Nilimwona Bwana Mratibu akiinuka kitini, na mgeni mmoja akimwinamia jirani yake kumuuliza kitu.

Ngoma ya furaha ilifuata. Ilichezwa, lakini ilichezwa kama kazi ya kupangiwa.

Asubuhi yake niliitwa.

"Nani alichagua wimbo ule?" aliuliza Bwana Mratibu.

"Ni wimbo wa redioni, bwana. Wa mapenzi."

"Najua ni wa mapenzi. Niliucheza kwenye harusi yangu. Nimeuliza nani aliuchagua. Andika maelezo."

Nikaketi na karatasi. Nilikuwa na watoto wawili na mama yangu mzazi wakinitegemea, na niliwajua wenzangu walioondolewa kazini kwa makosa madogo kuliko hilo. Nikaandika: wimbo ulichaguliwa na mwigizaji mwenyewe. Hakuna neno la uongo katika sentensi ile. Niliitia sahihi, nikatoka nje.

Siku ya tatu nilisikia kwamba Mama Sefu ameitwa ofisini. Nilikwenda kumwona kwake kabla hajaondoka. Alikuwa anapepeta mahindi. Nilimwamkia, akaitikia vizuri, akanipa kigoda. Nikamweleza nilichoandika.

Alipepeta kidogo zaidi. "Si kweli nilichagua mimi?" alisema.

"Ni kweli, mama. Lakini mimi ndiye niliyekuruhusu. Na kazi ile ni yangu, si yako."

"Basi umekuja kufanya nini kwangu? Nenda ukawaambie wao."

Hakusema kwa hasira. Tuliondoka pamoja, yeye amevaa khanga safi, na njia nzima tulizungumzia mvua.

Bwana Mratibu alishangaa kuniona. Nilimwomba karatasi yangu, nikasema nina mstari wa kuongeza. Aliuliza mstari gani. Nikamwambia: wimbo uliidhinishwa na mimi, na mwigizaji alifuata maelekezo yangu.

"Ukiandika hivyo hutabaki Handeni," alisema. "Sina namna nyingine."

"Naelewa, bwana."

Nikaandika palepale mezani kwake, nimesimama. Alisoma, akaikunja karatasi. Kisha akamgeukia Mama Sefu, ambaye alikuwa ameketi kwenye benchi karibu na mlango, na sauti yake ikawa ya mtoto kwa mzazi. "Mama, ulikuwa unatuambia nini siku ile?"

"Sikuwaambia ninyi kitu, mwanangu," alisema Mama Sefu. "Nilikuwa naaga. Nilipohamishwa lori liliharakisha, sikuaga."

Bwana Mratibu alikuwa anatazama dirishani. "Juzi mlidhani nimesimama kwa hasira," alisema baadaye, akisema nami sasa. "Nilisimama kwa sababu sikujua niuweke wapi uso wangu."

Hakumfanyia Mama Sefu lolote baya. Kabla sijaondoka Handeni alitoa ruhusa kwamba Ijumaa watu waweze kurudi nyuma ya vilima, kufyeka makaburi yao na kuchuma mikorosho yao. Ruhusa ile haikuandikwa popote, na sikuweza kujua ilidumu kiasi gani. Mimi nilirudishwa Korogwe, nikawekwa stoo ya vitabu vya kisomo, na kwa miaka miwili sikugusa mchezo wowote. Bwana Maendeleo Mkuu alikuwa karibu kustaafu. Nilipomsimulia yote alinisikiliza hadi mwisho. Nilitegemea anipongeze kwa ule mstari wa pili.

"Na ule wa kwanza?" aliuliza.

Nilimwambia ule wa kwanza sitausahau.

"Usiusahau," alisema, akanimiminia chai.

Baadaye nilirudishwa kwenye utamaduni, nikafanya kazi hadi kustaafu. Nilitengeneza michezo ya chanjo, ya kilimo, ya kutunza misitu. Mingi ilikuwa ya kawaida. Kila mara, kabla ya siku ya maonyesho, nilimuuliza mwigizaji swali ambalo sikumuuliza Mama Sefu: wewe mwenyewe, wimbo huu unakukumbusha nani? Wengine walicheka. Wengine walinyamaza, nami nikawapa nafasi ya kubadilisha wimbo, au kuuacha.

Sasa naishi na mjukuu wangu Zubeda, muuguzi, hapa Korogwe. Anapenda vipindi vya mashindano ya kuimba kwenye televisheni, na mimi huketi naye nikichambua mchele. Kuna wimbo mmoja wa vijana wa siku hizi ambao nimekuwa nikiulalamikia kwa miezi. Maneno matatu tu, yanarudiwa, na kishindo. Wiki iliyopita msichana mmoja aliuimba kwenye kipindi hicho. Kabla hajaanza walimwonyesha akimlisha baba yake, aliyepooza upande mmoja na kupoteza kauli, na anayeyaweza maneno matatu tu. Kisha akaimba, bila kishindo, yale maneno matatu.

Niliacha mchele.

"Bibi," alisema Zubeda, "si juzi ulisema huu wimbo ni kelele?"

"Juzi sikumjua anayeuimba," nikamwambia. "Hebu ongeza sauti."