Hadithi ya Ziwa Iliyongoja Theluji

Eunice Okemow hakusimulia hadithi za kale kabla theluji haijafunika ardhi. Bibi yake alimwachia sharti hilo, na Wakrii, wenyeji wa asili wa huku kwetu, wanalijua.

Alipofika miaka sita alipelekwa bweni la misheni, akachapwa kila alipotamka Kikrii. Aliporudi, bibi yake alikuwa amekwisha kuzikwa. Alibaki na hadithi moja tu nzima, ya ziwa letu. Wanawe hawakutaka kuisikia. Kwa miaka ishirini na miwili aliosha masufuria katika jiko la shule yetu, akitafuta wa kumwachia.

Septemba, wiki ya mashati ya rangi ya machungwa tunayovaa siku ya kitaifa ya kuwakumbuka watoto wa mabweni yale, Mwalimu Friesen aliingia jikoni na darasa lake la tano.

"Bibi Eunice, Jumatatu utusimulie ile ya ziwa."

"Theluji iko wapi, mwanangu?"

"Siku ya kitaifa haingoji theluji, bibi."

"Basi Jumatatu nitawaeleza habari za bweni. Ya ziwa mniite theluji ikianguka. Nitakuja hata na aproni."

"Usije ukasahau, Bibi!" alidakia Shayna, msichana wa dawati la mbele.

"Mimi? Nimeikumbuka miaka sitini, nishindwe na wiki sita? Wewe ndiye unayesahau kofia kila siku!"

Watoto walicheka. Wakaahidi wote kumwita, na Friesen akaahidi.

Jumatatu alizungumza robo saa. Tulimpigia makofi, tukabandika mashati ya karatasi ukutani.

Theluji ilianguka Novemba. Hakuna aliyemwita. Alivua aproni, akajifunga kitambaa chake kizuri cha maua, akaenda mwenyewe kubisha hodi darasani.

"Bibi, mambo ya upatanisho na wenyeji tuliyamaliza Septemba," alisema Friesen. "Sasa tuna mitihani. Labda mwakani."

"Mwalimu, si tulimwahidi?" alisema Shayna.

"Kaa chini."

"Haya, mwalimu," alijibu Bibi Eunice. "Masufuria yananingoja."

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni mwa darasa langu, la jirani, nimesikia kila neno. Nilijiambia kwamba ratiba ni ratiba, nikaingia kufundisha. Wiki ile ile nilikuwa nimemwadhibu mtoto kwa kuvunja ahadi.

Wakati wa mapumziko Shayna alimfuata jikoni.

"Nisimulie mimi peke yangu, Bibi."

"Niliwaahidi wote. Waombe wakupe nusu saa, mje pamoja."

Shayna aliomba mara mbili. Mara ya pili alikuja kwangu, nami nikamrudisha kwa Friesen.

Januari, Bibi Eunice aliugua mapafu, akafa siku ya nne. Theluji ilikuwa bado inafika magotini.

Watoto wale wanaijua tarehe ya siku ile ya kitaifa na rangi ya shati. Hadithi ya ziwa hakuna anayeijua.