Fundo la Mikia

Kwa karibu mwaka mzima niliamini, tena kwa moyo wote, kwamba dume la kima buibui hufunga fundo mkia wake na wa mkewe kabla ya kulala, ili bibi asije akaamkia mti wa jirani. Aliniambia Mkongo mmoja tuliyekuwa tukipanga naye maboksi ghalani Fairfield, huku ughaibuni. "Ndugu, fundo mara mbili!" alisema, akanionyesha kwa kamba ya mizigo. Nami mhitimu wa shule ya usiku, ambaye cheti chake sebuleni ni kikubwa kuliko televisheni, nikameza bila kutafuna.

Nilikuwa na sababu ya kumeza, nayo ilikuja kila asubuhi kwa gari jeupe. Mke wangu alikuwa akitunza wazee Bankstown, na lifti alipewa na mwenzake wa kazini, kijana wa Tanga, mrefu kama nguzo ya umeme, ambaye marashi yake yalibisha hodi kabla yake. Mke wangu alimwita "shemeji", kwa sauti ya asali. Mimi yule kijana aliniita "kaka". Wakiondoka nilibaki dirishani mpaka chai yangu ikaota barafu, nikijiuliza wanacheka nini. Maana walicheka! Mtu anayekwenda kuogesha wazee alfajiri ana nini cha kuchekea?

Jioni moja nikamwambia mke wangu aanze kupanda treni.

"Kwa nini?"

Nikamweleza habari za kima wa misitu ya mvua ya Amerika ya Kusini. Niliongeza chumvi kidogo tu, kwamba fundo lenyewe hata tembo halifungui.

"Baba watoto, una wivu."

"Mimi? Nazungumzia wanyama."

"Haya. Jumamosi twende bustani ya wanyama. Tukikuta mikia imefungwa, napanda treni mpaka nistaafu. Tusipokuta, sitaki kusikia tena neno kuhusu lifti."

Tukapeana mikono. Sasa, gari hatuna. Nani atupeleke? Yule yule! Mke wangu alikaa mbele, kwa kuwa kiti cha nyuma humtia kichefuchefu. Mimi nilikaa nyuma, magoti kidevuni, nikitazama visogo viwili vikicheka njia nzima.

Kima tuliwakuta juu ya kamba, weusi, miguu na mikono mirefu isiyokwisha, viganja havina kidole gumba. Lakini mkia! Ncha yake, upande wa ndani, haina manyoya. Ni ngozi tupu kama kiganja cha mtu. Mmoja alining'inia kwa mkia peke yake, mikono yote ikishughulika na kipande cha papai, wala hakuonekana kuwa na wasiwasi duniani. Nikamwonea wivu na yeye. Laiti ningekuwa na mkono wa tano wa kushikilia kilicho changu!

Mke wangu alikuwa anakagua mkia mmoja mmoja, kama mama anayekagua kucha za watoto.

"Mbona kila mmoja ana wake?"

"Hufunga wakati wa kulala," nikasema haraka.

"Kaka, usijisumbue," akasema yule wa Tanga, "tumuulize anayelala nao." Akampungia mkono mhudumu, dada mmoja mwenye ndoo ya matunda. Mke wangu akamwuliza swali langu lote, na fundo mara mbili, na tembo. Dada hakucheka. Alijibu polepole, na kwa bahati mbaya Kiingereza changu cha shule ya usiku kilielewa kila neno.

"Hapana, hawafungani mikia, mchana wala usiku. Mkia ni wa kushikia matawi. Tena hawana mume na mke. Msituni kundi hutawanyika kutafuta matunda yaliyoiva, jike huenda upande anaoutaka, na wakikutana tena hukumbatiana."

Tukarudi kwenye gari jeupe, mke wangu mbele, mimi nyuma, magoti kidevuni, na neno lifti sikulitaja tena.