Nilivyomtangaza Mshindi wa Jazi

Nichekeni, nimestahili. Mimi ni mwalimu wa sanaa hapa Nyahanga. Bendi ya jazi ilipokuja kuwapigia wanafunzi wetu, nilimwomba mkuu wa shule, Mama Neema, aniachie kipaza sauti.

"Jazi unaijua?" akauliza.

"Nimeisomea, mama!" Uongo mtupu.

Muziki ukaanza. Kaka wa saksafoni akapuliza peke yake mpaka mishipa ikamtoka. Aliponyamaza, dada wa drams akamjibu kwa kishindo. Nikajisemea, kumbe haya ni mashindano! Sisi Wasukuma tumekulia kwenye ngoma za kushindana, kundi la Wagika huku, la Wagalu kule, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Basi nikawagawa wanafunzi, nusu wakae na saksafoni, nusu na drams. Wakazomeana mpaka mabati yakatetemeka. Wanamuziki walikuwa wanacheka, nami nikazidi kuchochea.

Mwisho nikatangaza kwamba drams imeshinda. Jogoo tuliyemwandaa kuwa zawadi ya bendi nzima nikamkabidhi yule dada peke yake. Kisha nikamshika bega kaka wa saksafoni. "Pole sana, ndugu yangu. Mwakani utamshinda tu."

Akanitazama kwa huruma. "Mwalimu, huyu ni mke wangu. Tulikuwa tunapiga wimbo mmoja."

Ukumbi mzima ulisikia, maana kipaza sauti kilikuwa mkononi mwangu. Mama Neema akasimama. "Mwalimu, si ulisema umeisomea?"

Jogoo akawika.